Shingo iliyopoteza mpindo wake: ushauri wa fundi cherehani

Majibu ya eksirei ya shingo huwa na maneno machache, lakini yanatosha kumnyima mtu usingizi. Mshonaji mwenzangu alinipigia simu majuzi akilia kwa sababu karatasi yake imeandikwa kwamba mpindo wa kawaida wa shingo umepotea. Nyumbani walishamwambia pingili zimehama, na jirani akaongeza kwamba watu wa namna hiyo huishia kupooza. Nilizungumza naye hadi salio likaisha. Nikaona niyaandike hapa, kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni na sare za shule, na shingo yangu ilisomeka hivyo hivyo kwenye picha miaka kadhaa iliyopita. Bado nashona.

Tuanze na kinachosemwa na karatasi hiyo. Shingo ina pingili 7. Ukiitazama kwa ubavu, hazikupangwa wima. Zimejipinda kidogo, tumbo la upinde likielekea mbele, upande wa koo. Upinde huo, ambao madaktari huuita lodosisi, husaidia kubeba kichwa chenye uzito wa kilo 5 hivi bila kuiachia misuli ya kisogo kazi yote. Mara nyingi upinde wa nyuzi 20 hadi 40 huhesabiwa kuwa wa kawaida, ingawa watu hawakuumbwa sawa. Ukipungua, shingo inaonekana imenyooka. Ukigeuka kabisa, tumbo la upinde likaelekea nyuma, hiyo inaitwa kifosisi. Ni kibiongo cha shingo, na hilo ni jambo jingine, zito zaidi.

Nawaomba mlishike hili: shingo kunyooka kwenye picha, peke yake, si ugonjwa. Wapo watu wengi ambao hawajawahi kuumwa shingo, na ukiwapiga picha utawakuta wamenyooka vivyo hivyo. Misuli ikikaza kwa maumivu, huivuta shingo ikanyooka. Hata namna ulivyosimama mbele ya mashine, kidevu kikiwa kimeshuka kidogo, inatosha kuufuta upinde. Ndiyo maana karatasi isisomwe bila mtu mwenyewe kupimwa.

Mimi nilifika hospitali na maumivu ya kisogo yaliyoshuka begani hadi mkononi, na ganzi kwenye dole gumba na kidole cha shahada. Mkasi ulikuwa unaniponyoka. Daktari aliiweka picha kwenye taa, akaitazama kidogo, kisha akaiacha akanigeukia mimi. Alinigonga kwa kinyundo kwenye kiwiko na goti. Akaniambia nikamate vidole vyake viwili niviminye kwa nguvu zote. Akapitisha pamba kwenye kila kidole, nimefumba macho, nimwambie ninapoihisi. Mwisho akanitembeza kwenye mstari wa vigae, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Ganzi ya dole gumba na shahada, alieleza, mara nyingi hutokana na mshipa wa fahamu wa 6 wa shingo kubanwa unapotoka kati ya pingili. Kidole cha kati huwa ni wa 7, kidole kidogo ni wa 8. Akasema miguu yangu iko salama, kamba kuu ya fahamu inayopita ndani ya uti wa mgongo haijabanwa, kwa hiyo tuanze na mazoezi, si kisu. Na ni kweli kwamba wengi wenye mshipa uliobanwa hivyo hupata nafuu ndani ya wiki kadhaa au miezi michache bila upasuaji.

Sababu za upinde kupotea ni nyingi. Kuinama muda mrefu na misuli kukaza ni za kawaida kabisa. Umri nao: diski zilizo kati ya pingili hukauka na kupungua unene. Zipo ajali, hasa gari kugongwa kwa nyuma au kuanguka na bodaboda. Wapo waliozaliwa hivyo, na wapo ambao shingo iligeuka baada ya kufanyiwa upasuaji. Halafu kuna kifua kikuu cha mifupa, ambacho kwetu hakipaswi kusahaulika hata kidogo. Vijidudu vile vile vya mapafuni vinaweza kula pingili hadi ikaporomoka. Ukiwa na maumivu ya shingo yasiyotulia hata ukilala, homa za jioni, jasho la usiku na unapungua mwili, usipoteze muda na mazoezi ya mtandaoni. Nenda ukapimwe. Kifua kikuu cha mifupa kina dawa, na ikiwahiwa mtu anapona.

Sasa niseme la vinyozi, maana hapa nina uchungu. Mtu amemaliza kunyolewa, kichwa kinasingwa, mabega yanakandwa, kisha kinyozi anashika kidevu na kisogo na kuizungusha shingo ghafla hadi ilie. Wengi hulipia kabisa waliziwe shingo, wakiamini mifupa inarudi mahali pake. Hakuna kinachorudi. Mlio ule ni gesi inayojikusanya ndani ya maungio. Lakini ndani ya matundu ya pingili za shingo, kulia na kushoto, inapita mishipa miwili ya damu inayokwenda sehemu ya nyuma ya ubongo. Shingo ikizungushwa kwa nguvu, ukuta wa ndani wa mshipa unaweza kuchanika, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi akiwa kijana. Haitokei kila siku, ila ikitokea inaweza kumwacha mtu na madhara ya kudumu. Waambieni waume zenu, kaka zenu na watoto wenu: kukandwa mabega sawa, kuzungushwa shingo hapana. Na kama tayari una ganzi au mpindo wako umegeuka, hapana mara mbili.

Kilichonisaidia mimi kuliko dawa zote ni meza. Fundi anayeshona akiwa ameinamisha kichwa kutwa nzima anaipa misuli ya kisogo mzigo usiopumzika. Daktari mpasuaji wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kompyuta mwaka 2014: kichwa kikiinama nyuzi 15, mzigo kwenye shingo unafika kama kilo 12, na kikiinama nyuzi 60 unafika kama kilo 27. Ni hesabu ya kompyuta, si kipimo cha watu halisi, na yeye alikuwa anazungumzia simu. Lakini mtu yeyote aliyewahi kukesha akimalizia sare za Januari anaielewa bila kuhesabu.

Nilimwita seremala akainua meza ya cherehani yangu ya umeme, kisha akapigilia vipande vya mbao chini ya miguu ya nyuma, ile ya upande wa mbali na mimi, ili meza iiname kidogo kuja kwangu. Sindano ikawa inaonekana bila kuifuata kwa kichwa. Mwenye cherehani ya kukanyaga ajue kwamba akiinua fremu yote pedali nayo inapanda. Huyo ainue miguu ya nyuma tu, kidogo, kisha atafute kiti kinacholingana. Viti vya plastiki vilivyolegea mgongo viacheni kwa ajili ya wageni. Kaa kwenye kiti kigumu chenye egemeo, nyayo zote zikiwa chini.

Halafu macho. Hili huwa halitajwi, na mimi naliweka juu kabisa kwa mafundi waliovuka miaka 40. Macho ya karibu yakianza kupungua nguvu, mwili wenyewe unasogeza uso kwenye sindano, wala hujui kama unainama. Pima macho, pata miwani ya kusomea, na shusha taa iwe karibu na kitambaa. Wapo wanaotafuta daktari wa mifupa wakati wanachohitaji kwanza ni miwani.

Kazi za mkono kama kupinda, kufumua na kushona vifungo zisifanyiwe mapajani. Weka mto mezani, uegemeze viwiko, kazi ipande hadi usawa wa kifua. Na usishone kutwa. Kila nusu saa inuka, piga pasi, kata kitambaa umesimama kwenye meza ndefu inayofika usawa wa viwiko, kisha rudi. Ushonaji wetu una kazi za kukaa na za kusimama, ni kuzipanga tu zipokezane.

Mazoezi niliyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, hayahitaji kifaa. La kwanza: kaa wima, tazama mbele, kisha vuta kidevu nyuma moja kwa moja bila kukiinua wala kukishusha, mpaka uone nyama ya chini ya kidevu imejikunja. Shikilia sekunde 5, achia. Mara 10. La pili: lala chali bila mto, shusha kidevu kidogo sana, unavyoitikia ndiyo, kisogo kikibaki kitandani. Ukikaza shingo yote umepitiliza. Inayotakiwa kufanya kazi ni misuli midogo ya ndani, mbele ya pingili. La tatu: kutanisha mabapa ya mabega nyuma, mabega yakiwa chini, yasipande masikioni. La nne: simama mlangoni, weka mikono kwenye fremu, songeza kifua mbele taratibu, maana kifua cha mshonaji hukaza kikavuta mabega. Zoezi likileta uchovu wa misuli, endelea. Likipeleka maumivu au ganzi mbali zaidi mkononi, acha na urudi kwa mtaalamu.

Subira inahitajika. Nafuu inakuja taratibu, kwa wiki 6 hadi 12 za kufanya kila siku. Na msitegemee picha mpya ionyeshe upinde umerudi. Unaweza usirudi kabisa na ukaishi bila maumivu. Ndiyo maana sipendi wanaouza vifurushi vya matibabu kwa ahadi ya kurudisha mpindo, huku wakimpiga mtu eksirei kila mara kumwonyesha nyuzi zimeongezeka. Uliza kwanza: mkono utapata nguvu? Ganzi itapungua?

Mto uwe mmoja, unaojaza nafasi kati ya shingo na godoro. Mito yetu ya sufi ikishakandamana inakuwa migumu. Ianike juani, ichambue, au ipunguze. Usilale kifudifudi. Kola ya shingo inayouzwa maduka ya dawa isivaliwe wiki nyingi bila daktari kusema, kwa sababu misuli inadhoofika. Diklofenaki na ibuprofeni zinatuliza, lakini kuzinunua dukani mwezi hadi mwezi ni kutafuta vidonda vya tumbo na matatizo ya figo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu. Ndoo ya maji ya lita 20 ni zaidi ya kilo 20 juu ya kichwa, na shingo yenye mshipa uliobanwa haiwezi huo mzigo. Tumia madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono, au omba toroli.

Kuna dalili ambazo hazisubiri zoezi wala kliniki ya mwezi ujao. Vidole vimeanza kushindwa kufunga vifungo au kutunga uzi kwenye sindano, mikono yote miwili. Unayumba unapotembea, miguu mizito au imekakamaa. Ukiinamisha kichwa, unahisi umeme unashuka mgongoni. Mkojo au choo hakishikiki, au hakitoki. Mkono unazidi kupoteza nguvu. Hizo zinaweza kumaanisha kamba kuu ya fahamu imebanwa, na hapo ndipo kipimo cha MRI, picha ya sumaku inayoonyesha hata mishipa ya fahamu, na daktari mpasuaji wa uti wa mgongo wanapohitajika. Kwa Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoko Dar es Salaam, ni miongoni mwa zenye wataalamu wa upasuaji huo, na hospitali yako inaweza kukupa rufaa. Aliyeanguka au kupata ajali akaumwa shingo asiinuliwe kwa kuvutwa mikono wala kubebwa mgongoni. Shikilieni kichwa kisicheze, mkatafute msaada.

Ukienda kliniki, beba picha zote, hata za zamani, zikiwa bapa, zisikunjwe. Mwambie daktari kazi unayoifanya na saa unazokaa. Mweleze vidole gani vina ganzi, kimoja kimoja, na kitu gani mkono wako ulikuwa unaweza mwaka jana na sasa hauwezi.