Ukilinganisha serikali mbili, anza na neno "serikali"

Mtu akisema serikali ya nchi fulani imebadilika, muulize: kimebadilika nini hasa? Kiswahili chetu kimelibebesha neno hili mizigo mitatu. Kiwanja ni cha serikali, polisi ni wa serikali, na waliounda baraza la mawaziri jana nao ni serikali. Kwenye siasa linganishi, yaani elimu ya kulinganisha tawala za nchi mbalimbali, mizigo hiyo hutuliwa mmoja mmoja kabla ya kuanza safari.

Dola ndiyo ya kudumu: mipaka, watu wake, kodi, mahakama, na haki ya kutumia nguvu ambayo haigawani na mtu. Mfumo wa utawala ni kanuni za kupata madaraka, kuyatumia na kuyaachia. Serikali ni walioshika usukani kwa sasa. Jaribu maana hizi kwenye matukio. Mwaka 2013 Kibaki alimpisha Uhuru Kenyatta: serikali ilibadilika, kanuni zilibaki. Tarehe 27 Agosti 2010 mambo yalikuwa kinyume, kwani katiba mpya ilianza kazi na Kibaki yuko palepale. Tanzania nayo 1992 ilirudisha vyama vingi huku CCM ikiendelea kutawala. Somalia 1991 ni habari nyingine kabisa. Iliyoanguka ni dola yenyewe.

Hapo sasa chagua nchi mbili. Anayeanza asikimbilie Tanzania na Uswisi. Zinatofautiana kwa karibu kila kitu, na ukiona tofauti hutajua imeletwa na nini. Kenya na Tanzania zinafaa zaidi: zote zilitawaliwa na Waingereza, zote ziliacha chama kimoja mwanzoni mwa miaka ya 1990, na zote humchagua rais kwa miaka 5, vipindi visivyozidi 2. Vingi vikifanana, kinachotofautiana hujitokeza chenyewe.

Chora jedwali: nchi juu, maswali pembeni. Maswali 4 au 5 yanatosha, na kila moja liulizwe kwa maneno yaleyale pande zote. Rais anapatikanaje? Nani anaweza kumwondoa? Mawaziri wanatoka wapi? Mahakama ina kauli gani juu ya uchaguzi? Kila jibu liandikie ibara na mwaka, maana katiba hurekebishwa. Anayedai Tanzania inahitaji zaidi ya nusu ya kura kumpata rais anazungumzia sheria iliyoondolewa mwaka 2000.

Tuchukue swali la kwanza. Tuseme wagombea watatu wamepata asilimia 48, 40 na 12. Tanzania, kwa ibara ya 41, wa kwanza ameshinda. Kenya hajashinda, anarudi ulingoni na wa pili ndani ya siku 30. Hata angepata 51 bado asingeshangilia, kwa sababu anatakiwa kuwa na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Akipata 23 amekwama. Kanuni hiyo humlazimisha mgombea kutafuta washirika nje ya ngome yake mapema, na hapo ndipo miungano ya Kenya inapoanzia. Matokeo yakitangazwa, Kenya mlalamikaji ana siku 7 kwenda Mahakama ya Juu, nayo mahakama ina siku 14 za kuamua. Ndivyo uchaguzi ulivyofutwa Septemba 1, 2017. Ibara ya 41 ya Tanzania hairuhusu mahakama yoyote kuchunguza matokeo ya urais yaliyokwisha kutangazwa.

Jina la cheo lisikuhadae. "Waziri" wa Dodoma lazima awe mbunge. Wa Nairobi haruhusiwi kuwa mbunge. Aden Duale alipoteuliwa mwaka 2022 aliachia kiti cha Garissa Township. Waziri Mkuu wa Tanzania anaweza kuondolewa na Bunge kwa kura ya kutokuwa na imani, lakini rais haondoki naye. Wa Uingereza akipoteza kura kama hiyo, anajiuzulu au nchi inarudi kwenye uchaguzi. Cheo ni kimoja, kazi ni mbili.

Kosa linalowaangusha wengi, hata wanaoandika vizuri, ni kuweka katiba ya nchi moja mkabala na hali halisi ya nchi nyingine. Katiba ya Kenya inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Ukiishia hapo utaipa Kenya alama zote. Hesabu viti: bunge limeshindwa kufikia kiwango hicho, hata Jaji Mkuu Maraga akamshauri rais mwaka 2020 alivunje, na halikuvunjwa. Tanzania, yenye viti maalum visivyopungua asilimia 30 ya wabunge, ina wanawake wengi zaidi bungeni kwa uwiano. Kwa hiyo kila mstari wa jedwali uwe na visanduku viwili kwa kila nchi, kimoja cha maandishi na kimoja cha yanayotendeka, na kisanduku kimoja kisijibu swali la mwenzake.