Muulize Tabibu: Mzinga uliozibwa nyufa

SWALI: Shikamoo Tabibu. Nakuandikia kutoka Urambo, sisi ni familia ya warina asali. Mwaka 1994 baba yetu mdogo alilazwa kwa malale. Aliingia wodini kwa miguu yake. Wakamchoma sindano siku kadhaa, alikuwa analia mkono unaungua, halafu ikaja degedege na akafariki. Nyumbani hadi leo tunasema alichomwa sumu. Juzi nimesikia redioni kwamba siku hizi malale inatibiwa kwa vidonge, siku kumi tu. Kama vidonge vinatosha, yule mzee alichomewa nini? – Dada wa mrina asali

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Sindano unayoisema nimeichoma kwa mkono wangu huu, miaka mingi, katika mkoa huo huo wa Tabora. Mnaposema sumu, sina uso wa kuwakemea. Dawa ile inaitwa melasoproli na ndani yake mna aseniki. Aseniki ni sumu, na tulijua hivyo wakati tunaichoma.

Wewe umekulia kwenye mizinga, kwa hiyo mfano ninao tayari. Nyuki wakihamia mzinga mpya, huanza kuziba nyufa kwa ile gundi yao nyeusi nyeusi inayonata vidoleni. Wanaacha kitundu kimoja, nacho kina walinzi. Mishipa midogo ya damu iliyomo ubongoni imejengwa hivyo hivyo. Kwingine mwilini mishipa ya aina hiyo ina upenyo, na dawa iliyomo kwenye damu huvuja ikaingia kwenye nyama. Kichwani seli za ukuta wa mshipa zimebanana na nyufa zimezibwa. Sukari hufunguliwa mlango maana ubongo hauishi bila sukari. Vitu vingi vingine huzuiwa, na baadhi vikishaingia hutolewa nje kwa nguvu. Imebaki njia moja ya panya: ukuta wenyewe ni wa mafuta, kama nta, na kitu kidogo kinachoyeyuka kwenye mafuta hupenya humo bila hodi.

Ukuta huu uligunduliwa kwa rangi. Mwaka 1885 Mjerumani Paul Ehrlich aliwachoma wanyama rangi kwenye damu, viungo vikabadilika rangi lakini ubongo ukabaki mweupe. Yeye alidhani ubongo hauipendi rangi, basi. Mwanafunzi wake, Edwin Goldmann, mwaka 1913 akageuza jaribio: rangi ya buluu akaiweka kwenye maji yanayozunguka ubongo na uti wa mgongo. Safari hii ubongo ukawa buluu na mwili mwingine ukabaki ulivyo. Kumbe rangi ubongo unaikubali, ila kutoka kwenye damu haina pa kupita.

Sasa sikiliza hili, kwangu ndilo tamu kuliko yote. Rangi ile ya buluu inatoka katika ukoo wa rangi ambazo Ehrlich alikuwa akizijaribu kuua vimelea vya malale. Katika ukoo huo huo, kiwanda cha Bayer kilitoa suramini, ikaanza kutumika miaka ya 1920 mwanzoni. Suramini inamaliza vimelea vilivyo kwenye damu. Lakini imerithi tabia ya mama yake: ubongoni haiingii.

Kwa hiyo mtu aliyeumwa na mbung'o, akawahi hospitali akiwa na homa, kidonda cha pale alipoumwa na mitoki, suramini ilimtosha. Aliyechelewa, kama wengi waliokaa porini miezi na asali yao, vimelea vilikuwa vimeshapenya nyuma ya ukuta. Huyo ndiye anasinzia mchana akiwa na kijiko mkononi, usiku anatembea, anagombana na watu wasiokuwepo. Ukimpa suramini damu inasafika, unampeleka nyumbani, na adui amejificha kichwani.

Ndipo tulipolazimika kuchukua melasoproli. Ernst Friedheim aliileta mwaka 1949, na sifa yake ni kwamba kidogo kati yake hupita ule ukuta. Kidogo mno, lakini kinatosha kuua. Haiyeyuki kwenye maji, ikabidi iyeyushwe kwenye kimiminika kinacholainisha hata plastiki. Ndiyo maana tulichemsha mabomba ya kioo kwenye sufuria wakati wodi nyingine zilishasahau kioo. Ikivuja nje ya mshipa, nyama inaoza. Mrina asali mmoja aliniambia ni kama kumiminiwa pilipili kutoka kiwiko hadi bega, na alikuwa mtu wa kuumwa na nyuki mia bila kupepesa jicho.

Kati ya wagonjwa 100 waliochomwa dawa ile, 5 hadi 10 ubongo wao uliwaka moto katikati ya tiba: degedege, kuzirai. Karibu nusu ya hao walifariki. Mtu anaingia kwa miguu yake, wiki inayofuata anatoka amebebwa. Kwa hiyo swali lako nalijibu bila kuzunguka: huenda ni kweli, sindano ndiyo iliyomuua baba yenu mdogo. Nakuongezea na upande wa pili. Malale ya upande wetu huu wa Afrika, ikishafika ubongoni bila tiba, haiachi mtu. Na huua kwa miezi, haingoji miaka kama ile ya Kongo. Tulipima kifo cha hakika na kifo cha pengine.

Kosa letu lilikuwa jingine. Ndugu hatukuwaambia. Nilikuwa kijana, naogopa wakisikia "aseniki" watamchukua mgonjwa wao usiku, na kweli wengine walichukua. Nikanyamaza, nikachoma. Ningeweza kukaa na mama wa mgonjwa kwenye benchi la nje dakika kumi. Wewe usingekuwa unaniuliza leo.

Vidonge ulivyovisikia ni feksinidazoli. Dawa hii iliwahi kuachwa rafuni miaka ya 1980, ikafukuliwa upya, ikajaribiwa Kongo kwa aina ya malale ya huko, baadaye Malawi na Uganda kwa aina yetu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliiweka mbele kwa aina yetu pia, iwe vimelea viko kwenye damu au vimeshafika ubongoni. Inapita ukuta bila aseniki. Mtu mzima humeza siku kumi, na lazima awe amekula, ameshiba hasa, la sivyo dawa haiingii mwilini ipasavyo. Uji mwepesi hautoshi. Mtoto wa chini ya miaka 6 au kilo 20 hajaruhusiwa, kwa hiyo kwake bado tunahitaji maji ya mgongo kujua ugonjwa umefika wapi. Msiyakatae maji hayo. Sindano huingia chini kabisa ya kiuno, pale ambapo uti wenyewe umeshakwisha.

Warina wenu wakirudi kutoka porini na homa isiyosikia dawa ya malaria, wamwambie mpimaji kwamba walikuwa kwenye mbung'o. Asipoambiwa hataangalia.

SWALI: Tabibu, mimi dereva wa lori, mafua ya mzio hayaniachi. Piriton inanilaza kwenye usukani. Mwenzangu anatumia setirizini na halali. Ni dawa ya nguvu ndogo? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Nguvu inayo. Tofauti ni ule mzinga niliomweleza dada wa Urambo hapo juu. Piriton ni ya zamani, inapita kwenye nta mpaka ubongoni na kuzima kemikali inayokuweka macho. Setirizini ikijaribu kuingia, walinzi huirudisha kwenye damu, hivyo inafanya kazi puani na kichwani inafika kidogo tu. Wapo wanaosinzia hata kwa hiyo. Ijaribu siku ambayo huendeshi. Na Piriton ya usiku inaweza kukukuta bado unayo asubuhi, kwa hiyo usijidanganye kwamba ulishailalia.

SWALI: Mwanangu wa miaka miwili alipata homa ya uti wa mgongo. Siku ya nne alikuwa anacheza na mito ya kitanda, lakini wakakataa kutupa ruhusa, wakaendelea na sindano za mshipani hadi siku ya kumi. Niliuliza kwa nini asipewe vidonge nyumbani, muuguzi akaniambia "ndiyo utaratibu". – Mama, Morogoro

JIBU: Muuguzi alikuwa sahihi, ila hilo si jibu la kumpa mama. Utando unaofunika ubongo na uti wa mgongo ukivimba kwa ugonjwa, zile nyufa zilizozibwa za mzinga wetu wa hapo juu hulegea na dawa kama seftriaksoni hupata pa kuingilia. Mtoto akianza kupona, uvimbe unashuka na nyufa zinajiziba. Kwa hiyo siku ile anapocheza ndiyo siku ambayo dawa inaingia kwa shida zaidi, na bakteria wachache wanaweza kuwa bado wamo. Ukipunguza hapo, unawaachia. Inabidi damu ibaki imejaa dawa hadi mwisho, na kwa vidonge hufiki kiwango hicho.

Jambo moja hukuniuliza. Homa hii huweza kuharibu usikivu hata mtoto akipona vizuri, na mtoto wa miaka miwili hawezi kukwambia. Kampimishe masikio mwezi huu, usingoje aanze shule.