Mbunge na uchumi wa jimbo: maswali ya wasomaji

Mgombea wetu aliahidi kiwanda cha kubangua korosho. Akiwa mbunge, anaweza kukijenga? (Newala)

Kwa mamlaka ya ubunge, hawezi. Ibara ya 99 ya Katiba ya Tanzania inataka pendekezo la kutoza kodi au kutumia fedha za Serikali liletwe bungeni na Rais kupitia kwa waziri. Mbunge anabaki na kuuliza, kushawishi na kubana. Angeahidi kuwatafuta wawekezaji na kudai umeme na barabara, angekuwa mkweli zaidi.

“Kushika shilingi” maana yake nini? (Singida)

Bajeti ya wizara inapopitishwa fungu kwa fungu, mbunge asiyeridhika na maelezo, tuseme kuhusu skimu ya umwagiliaji iliyokwama jimboni kwake, hutangaza kwamba anaishika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani anazuia shilingi moja ya mshahara huo isipitishwe. Hoja hujadiliwa, wenzake husimama kumuunga mkono, waziri hutoa ahadi, na mara nyingi shilingi hurudishwa. Kilichobaki ni ahadi hiyo kuandikwa katika Taarifa Rasmi za Bunge, na mbunge makini huirudia mwaka unaofuata neno kwa neno.

Mbona mwaka 2018 wabunge wa kusini walipinga na bado fedha za korosho zikachukuliwa? (Masasi)

Sheria ilikuwa ikitenga asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje kwa ajili ya kuliendeleza zao lenyewe, zikiwemo pembejeo kama salfa ambayo mkulima huipulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Muswada wa Sheria ya Fedha wa mwaka huo ulielekeza ushuru wote Mfuko Mkuu wa Serikali. Wabunge wa Lindi na Mtwara walipinga, wakiwemo wa chama tawala, lakini muswada ukapita. Zao la mikoa michache halina kura za kutosha bungeni. Tena, chini ya ibara ya 90, Bunge likiikataa bajeti, Rais anaweza kulivunja, na ni wabunge wachache walio tayari kurudi kuomba kura kabla ya wakati.

Mfuko wa Jimbo ni fedha za mbunge? (Kahama)

Sizo. Kwa sheria ya mwaka 2009 yeye ni mwenyekiti wa kamati tu, na fedha hupitia halmashauri. Mfuko huu ni kichocheo cha maendeleo ya jimbo: hununua mabati ya soko ambalo wananchi wamekwisha kulipandisha kuta, haujengi barabara. Ukitaka kujua zilikokwenda, anzia kwa ofisa mipango wa halmashauri yako.