Ukungu, ganda la chungwa na mistari iliyozibika: namna ya kuokoa rangi ya gari la mfano

Swali: Fundi, salamu kutoka Jinja. Ninaunda gari la mfano la Datsun 240Z, kipimo cha 1:24, kwa kuwa ni gari la aina hiyo ambalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliliendesha mwaka 1973 alipopata ushindi wake wa kwanza kati ya mitano ya mbio za magari za Safari. Nilinunua rangi nyekundu kwa wachanganyaji wa rangi za magari, nikaizimua kwa tina ya kawaida, nikaiweka katika kopo la kupulizia la mkono na kuipuliza jioni moja ya Aprili, mara tu mvua ilipokatika. Sasa paa limeingia ukungu mweupe, ubavu una vipele kama ganda la chungwa, nguzo za kioo cha mbele zina nyufa nyembamba, na mistari ya milango inakaribia kutoweka. Je, niitupe bodi hii? Kama haifai kutupwa, nitaitengenezaje ilhali sina kompresa, yaani mashine ya kushindilia hewa?

Jibu: Usiitupe, ndugu yangu. Kasoro zote nne ulizozitaja zinarekebishika, na zote zina asili moja ambayo mimi mwenyewe, niliyejifunza kazi kwa kupuliza magari halisi hapa Kampala kabla sijagusa gari la mfano, nilichukua muda mrefu kuielewa: gari limepunguzwa mara 24, lakini rangi haikupunguzwa pamoja nalo. Tina ina ukali uleule, tone lina ukubwa uleule, na unyevu wa hewa ya Ziwa Victoria ni uleule.

Nianze na mistari ya milango, kwa sababu hapo ndipo jambo hili linaonekana wazi zaidi. Rangi yote ya gari halisi, kuanzia praima (rangi ya msingi) hadi klia (tabaka la mwisho lisilo na rangi), huwa na unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Ukiweka unene huohuo juu ya gari la 1:24, ni sawa na kulivika gari halisi koti la milimita 2.4, na hakuna mlango ambao ungefungika baada ya hapo. Tena mwanya wa mlango wa gari halisi, tuseme milimita 4, kwenye gari lako unabaki chini ya sehemu mbili za kumi za milimita, kwa hiyo tabaka nene likitanda pande zote mbili za mwanya huo linauziba kabisa. Ndiyo sababu mistari huchimbwa kabla ya kupaka rangi, wala si baada yake. Pitisha mgongo wa ncha ya kisu chembamba ndani ya kila mstari, taratibu, mara nyingi bila kukandamiza, mpaka uone umezama kidogo kuliko unavyotaka uonekane mwishoni. Anza na mstari mrefu ulionyooka wa chini ya mlango ili mkono uzoee, na pembe uziache mwisho.

Nyufa za nguzo ni kazi ya tina. Bodi ya gari la mfano kwa kawaida ni plastiki ya polistirini, na tina za magari huwa na viyeyushi kama asetoni na tolueni ambavyo huyeyusha plastiki hiyo, wakati bati la gari halisi haliwezi kudhurika navyo. Nguzo zimepasuka kwanza kwa sababu ni nyembamba, na plastiki iliyo katika mkazo hushambuliwa kabla ya nyingine. Sikukatazi kutumia rangi ya wachanganyaji, maana rangi za makopo zilizotengenezwa mahususi kwa magari ya mfano ni ghali kwetu na si rahisi kupatikana. Ninachosisitiza ni kwamba isiguse plastiki tupu, na kwamba ifike juu ya praima kama vumbi jepesi, ikiwa imeanza kukauka ingali hewani.

Ukungu wa paa una sababu nyingine. Tina inapopaa huchukua joto la uso inakotoka, na uso huo ukipoa kupita kiasi, unyevu wa hewa hugeuka maji juu yake kama umande na kunaswa ndani ya rangi. Jioni baada ya mvua, mjini kwako palipozungukwa na ziwa na mto, hewa imejaa maji na joto linashuka, hivyo ulichagua saa mbaya kuliko zote. Katika miezi ya Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, mimi hupuliza kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri tu, siku ambayo nguo zilizoanikwa zinakauka upesi. Kuna sababu ya pili ya kuepuka jioni ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji: ukiwasha taa karibu na ziwa, wadudu wa ziwani watakuja kwa maelfu na kutua juu ya rangi mbichi. Ukungu peke yake ungeweza kuondolewa kwa kupitisha mpulizo mwembamba wa tina inayokauka polepole siku ya jua, lakini kwa bodi ambayo tayari ina nyufa sikushauri kuongeza tina yoyote. Ganda la chungwa nalo hutokea matone yanapokauka kabla hayajatandazika, ama kwa sababu rangi ni nzito, ama kwa sababu imepulizwa kutoka mbali.

Kwa hiyo uvue rangi yote. Nunua mafuta ya breki ya DOT 3 au DOT 4, si DOT 5, kwa maana DOT 5 ni ya silikoni, haivui rangi, na utando wake hufukuza rangi mpya. Jaribu kwanza tone moja upande wa ndani wa paa na usubiri saa moja. Plastiki isipolainika, lowesha bodi nzima katika chombo chenye kifuniko na uikague kila baada ya saa chache. Rangi itajikunja na kutoka kwa mswaki laini. Vaa glavu, weka chombo mbali na watoto, wala usishawishike kuharakisha mambo kwa petroli au tina, kwani utapoteza rangi na bodi kwa pamoja. Halafu osha bodi kwa sabuni ya vyombo na maji ya uvuguvugu, uisuuze mpaka isibaki na mafuta yoyote. Bodi mpya pia huoshwa hivi, kwa sababu hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta ya kuitolea katika kalibu.

Nyufa zisizo na kina zitaondoka kwa msasa wa maji namba 800 kisha 1000. Zilizozama zaidi zijaze kwa filla ya plastiki, uisubiri ikauke kweli, ndipo usugue. Baada ya hapo weka praima nyeupe. Nasema nyeupe kwa makusudi, kwa sababu nyekundu ni rangi isiyofunika vizuri, na juu ya kijivu hubaki imefifia kama matofali, jambo linalomfanya mtu aongeze tabaka juu ya tabaka hadi mistari izibike tena. Juu ya nyeupe iliyosuguliwa kwa namba 1500, tabaka nne nyepesi zinakutosha.

Kutokuwa na kompresa si kikwazo. Tafuta rangi ya kopo lenye gesi, ambayo mpulizo wake ni laini kuliko wa kopo la mkono. Liweke katika bakuli la maji ya uvuguvugu, yale ambayo mkono unayavumilia bila shida, kwa dakika tano. Joto hilo huongeza shinikizo na kulainisha rangi, hivyo matone huwa madogo zaidi. Kamwe usilikaribishe kopo kwenye jiko wala maji yanayochemka. Litikise dakika mbili, anza kupuliza nje ya bodi, pita juu yake kwa mwendo usiobadilika ukiwa umbali wa sentimita 15 hadi 20, na usiachie kidole mpaka umeivuka. Tabaka mbili za kwanza ziwe ukungu tu, hata kama praima bado inaonekana, na moyo wako ukikuambia uongeze kidogo, weka kopo chini. Acha robo saa baina ya tabaka. La mwisho pekee ndilo linaloruhusiwa kuwa na majimaji, nalo ndilo linaloondoa ganda la chungwa.

Ifunike bodi kwa beseni safi ili vumbi lisitue, kisha usiiguse kwa siku mbili. Ukiinusa na bado ina harufu, haijakauka. Usiianike juani wala kuiacha ndani ya gari lililoegeshwa, kwa kuwa nguzo nyembamba huweza kupinda kwa joto hilo.

Magari ya kiwanda ya Datsun yalikuwa mekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa, kwa sababu boneti inayong'aa humrudishia dereva jua machoni. Weka tepu ya karatasi kufuata mstari wa boneti, ikandamize ukingo wake kwa ukucha, na upulize kwanza ukungu wa nyekundu juu ya ukingo huo: ikiwa kuna mwanya, nyekundu ndiyo itakayouziba, na nyeusi haitapenya. Stika za maji zibandike juu ya rangi inayong'aa, kwani juu ya uso uliokwaruza hewa hunaswa chini yake na kuacha alama nyeupe. Subiri siku nzima, kisha weka klia, ukiifunika boneti. Tabaka za kwanza za klia ziwe kavu kabisa, kwa sababu klia yenye majimaji hukunja stika. Ikikauka, sugua kwa namba 2000 na 3000 chini ya maji, ukikwepa kingo zote, maana kwenye kingo rangi ni nyembamba na msasa hufika kwenye nyeupe kabla hujatambua.

Kuhusu klia ya magari inayochanganywa na hadina (dawa ya kuigandisha iwe ngumu), ambayo wachanganyaji hawatakosa kukupendekezea kwa sababu inang'aa kama kioo, naomba unisikilize kwa makini. Hadina hiyo ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumsababishia mtu pumu ya maisha, na hewa yake inaweza kudhuru kabla pua haijahisi chochote. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Kama huna kinga ya kupumulia inayofaa kwa kemikali hiyo na mahali pa wazi pasipo na watu, iache kabisa. Klia ya kopo iliyosuguliwa vizuri inatosha kwa gari lenye urefu wa kiganja. Hata kwa rangi za kawaida, pulizia nje ya nyumba.

Mwisho, usiling'arishe gari la Safari kama gari la harusi. Kata vipande viwili vya tepu kwa umbo la upinde unaofagiliwa na waipa, uvibandike juu ya kioo cha mbele, kisha pitisha vanishi isiyong'aa kwa wepesi juu ya kioo, nyuma ya magurudumu, chini ya milango na sehemu yote ya nyuma, ambako hewa huzunguka na kurudisha vumbi. Saga chaki ya rangi ya udongo kwa msasa mpaka iwe unga, uipake kwa brashi laini mahali hapohapo, halafu bandua tepu: kioo kitakuwa na pinde mbili safi katikati ya vumbi la murramu, ule udongo mwekundu wa barabara. Udongo wenyewe wa barabarani usiutumie, kwa sababu chembe zake kwenye kipimo cha 1:24 zitaonekana kama mawe.