Unakwenda Mtera na mshipi unaoelea? Subiri kwanza

Mkuu, usimlipe huyo muuzaji wa fimbo hiyo laki tatu na nusu. Kama umeshalipa, kaidai leo hii, maana kesho hatapokea simu.

Umeuliza inzi bandia, yaani ndoana iliyovalishwa manyoya, wa rangi gani anafaa kwa kambale wa bwawa la Mtera, uende mwezi gani, na gesti za Migoli pale jirani zikoje. Nilipofika pale uliposema muuzaji anakupa fimbo na "mshipi unaoelea" nikaacha kusoma. Na lazima alikuonyesha ile video. Mzungu wa Australia, maji ya magoti, kwenye mlango wa mto bahari ikikupwa, anarusha inzi wake na kumtoa flathead, yule samaki bapa anayejifukia mchangani akisubiri maji yamletee chakula.

Mimi nilipoonyeshwa niliangalia samaki, mkono wa mzungu sikuuangalia. Rudia uone: akisharusha, anatulia, inzi azame. Inzi mwenyewe kafungwa macho ya chuma kichwani ili ashuke mpaka mchangani, ndipo jamaa anavuta kidogo kidogo. Mimi nikauziwa inzi wa manyoya, mwepesi kama kifaranga, na mshipi usiozama hata uupige teke. Nilipouliza, nikajibiwa, "Bro, samaki ni samaki." Samaki ni samaki! Yule mtu nadhani samaki anamjua akiwa na ugali tu.

Siku mbili, mkuu. Siku mbili nimesimama kandokando ya lile bwawa, fimbo inapiga mijeledi hewani, inzi anaelea juu kama abiria wa daraja la kwanza, na kambale wako chini kwenye tope. Kambale anatafuta kwa sharubu na harufu. Manyoya ya dukani yananuka nini? Jioni ya kwanza nilinunua perege pale barabarani ili nisirudi mikono mitupu. Mke wangu akafungua mfuko, akanitazama, akauliza: "Baba Neema, hawa umewavua wakiwa wameshakaangwa?"

Siku ya pili mzee mmoja akasogeza mtumbwi. "Kijana, hao ndege unawalisha nini?" Akanipa mshipi wa mkono, ndoana kubwa, nati ya baiskeli kwa kazi ya chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, na kipande cha utumbo wa kuku uliolala juani. Nikatupa. "Umegusa chini?" Nikamwambia bado. "Achia." Nikaachia mpaka ule uzito ukapotea kidoleni, mshipi ukalegea. "Haya, sasa ndiyo unavua." Magharibi haijaingia nina kambale wawili, mmoja urefu wa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko.

Kwa hiyo chambo kiguse chini. Ukitaka kuvua kwa fimbo ya laki tatu, sawa, kwa kijiti cha mtama, sawa, ila kiguse chini. Na mshipi uwe mnene, kwa sababu miti iliyozama wakati bwawa linajaa bado imesimama mle ndani. Fimbo yangu ilivunjikia kwenye kisiki nikidhani nimepata papa.

Usiingie majini hata ya kifundo cha mguu, mzungu wa kwenye video hana mamba.

Gesti zipo. Rangi ya inzi? Mvua zikishashusha maji ya mito ya Ruaha na Kisigo, lile bwawa ni chai ya maziwa, mkuu. Nani ataiona?