Maji ya bomba yamepasi maabara, mbona boila imeshika ukoko?

SWALI: Boila yetu ya tani 1 ya mvuke kwa saa hutumia maji ya bomba ya umma. Ripoti inasema yanafaa kunywewa. Tumefunga kilainishi cha maji chenye lita 50 za resini (chembe zinazonasa ugumu wa maji), kinajisafisha kwa chumvi kila baada ya siku 3, kwa saa tuliyoitegesha. Tulipofungua boila tulikuta ukoko mweupe kwenye mabomba. Tatizo ni nini?

JIBU: Ripoti hiyo iwekeni kando. Maji ya kunywa hupimwa zaidi vijidudu na sumu. Ugumu, yaani kalsiamu na magnesiamu, haumsumbui mnywaji, ila kwenye joto la boila ndio huo huo unaoganda.

Mimi naishuku hiyo saa. Tuseme kila siku mnaongeza mita za ujazo 5 za maji mapya, yenye ugumu wa miligramu 200 kwa lita, kwa kipimo cha kalsiamu kaboneti. Hizo ni gramu 1,000 kwa siku. Lita moja ya resini ikioshwa kwa gramu 120 za chumvi hushika gramu 50 hivi, kwa hiyo lita 50 hushika 2,500. Siku ya tatu mchana zimejaa, na hadi kilainishi kijisafishe, gramu 500 zimeshaingia kwenye boila. Msambazaji akihama kutoka mtoni kwenda kisimani, ugumu ukapanda hadi 280, hata siku 2 hamfiki. Wala hatawatangazia, maana bado yanafaa kunywewa.

Fungeni mita ya maji, kilainishi kijisafishe kila mita za ujazo 8 kwa kilo 6 za chumvi. Tangi la chumvi nalo lichokoeni kwa mti: mara nyingi chumvi hugandamana juu kama kifuniko na chini pakawa patupu, mtu akichungulia anadhani limejaa.

Kila zamu pimeni maji yanayotoka kwenye kilainishi. Chukueni mililita 50, tieni matone ya bafa ya pH 10 (kimiminika cha kushikilia kiwango cha pH) na Eriochrome Black T, unga unaobadilika rangi kwa ugumu, wa ncha ya kisu. Yakiwa bluu, endeleeni. Yakiwa na wekundu wa mvinyo, fungeni valvu ya kuelekea tangi la boila na msafishe resini hapo hapo.

Kumwaga maji ya chini ya boila msiache: kilainishi hubadilisha kalsiamu kwa sodiamu tu, jumla ya chumvi iliyoyeyuka haipungui. Ukoko uliopo utolewe na fundi mwenye asidi iliyotiwa kizuia kutu. Asidi tupu hula chuma chenyewe.