Hiyo "haya" yake si ndio

Kakangu, wauliza mbona mkeo alisema "haya" mhamie kwa mamako Likoni na sasa hata kufunga mizigo hataki. Mi naona hakukubali, alitaka tu maneno yaishe. Huku kwetu Mombasa "naam" yaweza kuwa kuitika tu, yaani nakusikia, "inshallah" yaweza kuwa nia ya kweli ama njia ya kukukatalia bila kukuvunjia heshima, na "haya" ya mtu aliyechoka ama anaogopa kuonekana hampendi mamako, hiyo usiishike kabisa. Na kama ulimuuliza mbele ya mamako, angesema nini jamani? Muulize tena mkiwa wawili, nendeni Lighthouse, pale kando ya bahari, jioni mle mihogo, mwambie hata ukikataa sitakasirika, na uwe wamaanisha kweli, halafu nyamaza umsikize.